Nukta ya Dhwaa

Ramadhani ikifika siku zake za mwisho, Kasablanka yote huwa na uso wa mtu aliyeamshwa kwa kelele. Madereva hutukanana na kuombana radhi kwa pumzi moja, ndugu hununiana kwa sababu ya kitunguu, na mtu mwenye akili timamu haendi kuzungumza jambo zito baada ya alasiri. Ibtihal alikuwa na akili timamu, alikuwa na shahada, na baba yake alikuwa mwalimu. Hata hivyo saa hiyohiyo ndiyo aliyoichagua kwenda kumtafuta Jawad.

Alimkuta kwenye gereji ya kupaka rangi magari, huko Hay Mohammadi nyuma ya reli, amechuchumaa anakwangua mlango wa gari kwa msasa.

"Asalamu alaikum."

Msasa ukasita. Jawad aliijua sauti kabla ya kuinua kichwa, na kwa kuwa aliijua, hakukiinua.

"Waalaikumu salamu. Gari lako limegongwa?"

"Sina gari."

"Basi umepotea njia. Hapa tunatengeneza magari tu."

Kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja mtu akakohoa. Alikuwa Ba Larbi, mwenye gereji, ambaye kila Ramadhani hulala humo tangu adhuhuri, miguu yake imetokeza dirishani.

"Jawad! Nani huyo?"

"Mteja, Ba Larbi."

"Mteja wa kike? Mlango uwe wazi!"

"Hii gereji, Ba Larbi. Haina hata ukuta wa mbele."

"Basi izidi kuwa wazi," akasema mzee, na miguu ikageuka upande wa pili.

Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Leo Ibtihal alitabasamu kidogo, tabasamu likachoka njiani. Miaka minne alikuwa akiipanga siku hii kichwani, na katika mipango yote Jawad alikuwa akisimama. Sasa alisimama kweli, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi, mashavu yameingia ndani, akamtazama. Mtazamo ule haukuwa wa hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimtazama kama mtu anavyolitazama basi alilokwisha kulikosa.

Naye Jawad aliona macho yaleyale aliyoyajua, ila chini yake palikuwa na weusi asioujua. Alitaka kuuliza, je, unalala wewe? Akaufuta mkono kwenye suruali.

"Nimekuja kwa kazi," Ibtihal akawahi kusema. "Dakika chache tu."

Akaifungua kompyuta juu ya boneti. Kioo kilipowaka, Jawad alisogea bila kupenda.

Zilikuwa herufi zake. Kwa miaka mingi, kabla ya gereji, Jawad alikuwa ndiye mkono wa vijana washabiki wa mpira. Nyimbo wanazoziimba jukwaani aliziandika kwa kopo la rangi kwenye kuta za reli: mama, bahari, mkate, tumechoka, tutarudi. Manispaa ilipita nyuma yake na chokaa. Ibtihal alipita na kamera kabla ya chokaa. Sasa alikuwa akizigeuza herufi zile kuwa fonti, ili mtu yeyote akibonyeza kitufe, aandike kwa mkono wa kuta za Hay Mohammadi. Herufi za Kiarabu zina kiburi. Herufi moja ina sura yake ikiwa mwanzo wa neno, sura nyingine ikiwa katikati, nyingine mwisho, nyingine ikiwa peke yake, na Ibtihal alikuwa amezichambua sura zote hizo ukutani kama mtu anavyochambua dengu. Mwaka uliopita alimwandikia Jawad kumwomba ruhusa. Alijibiwa neno moja: Chukua.

Jawad akaweka kidole karibu na kioo, asikiguse.

"Hii ra ni ya ukuta wa stesheni."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimening'inia kwa mkono mmoja. Ndiyo maana mkia umepinda. Sikuukusudia."

"Najua. Sikuunyoosha."

Jawad aliinama kuutazama mkia ule kwa karibu. Alikuwa akimeza mate, na mwenye saumu hana mate mengi ya kumeza. Kwa muda walisimama hivyo, mabega yamekaribiana lakini hayakugusana. Ibtihal alisikia harufu ya rangi na jasho, akatamani muda usimame.

"Zimekwisha basi," alisema Jawad. "Hongera. Zimependeza."

"Hazijakwisha. Wachapishaji wa Beirut wanaitoa fonti baada ya Idi, na bado kuna herufi tatu sina. Tha, dhali na dhwaa. Nimepekua kila ukuta, Jawad. Hukuziandika popote."

Angeziandika wapi? Ulimi wa Kasablanka hauzijui. Dhahabu kwetu ni dahabu, na wala hatuoni haya, maana nanyi mnao wenu wanaosema zahabu na hawajafa. Herufi hizo ni za msikiti, gazeti na darasani. Ukutani mtu huandika anavyozungumza.

"Dhwaa," alisema Jawad. Alilitamka jina la herufi kwa taabu, kama anayetafuna mfupa. Kisha akacheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha yoyote. "Katika herufi zote duniani, binti Mwalimu, umenijia kuniomba dhwaa."

Ibtihal akainamisha uso. Alijua.

Siku ile ya posa, miaka minne iliyopita, Jawad na mama yake, Mi Rkiya, walikuja nyumbani kwa Mwalimu Buazza na kila kinachotakiwa: maziwa, tende, na minara ya sukari iliyofungwa karatasi ya buluu. Mwalimu aliwakaribisha kwa chai. Kisha mbele ya wazee wote akamwekea mposaji karatasi na kalamu. "Wewe nilikufundisha," alisema. "Darasa la tatu nilikuchapa kwa imla. Hebu tuone kama fimbo ilifanya kazi." Akamsomea sentensi fupi kuhusu mtu anayengoja. Neno la kungoja, intidhari, lina dhwaa katikati, na Jawad, jasho likimtiririka, aliliandika kama mtaa unavyolitamka, kwa herufi nyingine, dhwadi. Mwalimu akalipigia mstari mwekundu. Ndiyo, alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni siku ya posa ya binti yake! Akaingia ndani kidogo, akatoka, na jioni ile Mi Rkiya alirudi mtaani na sukari yake mikononi, posa imekataliwa, watu wakimtazama kutoka madirishani. Heri mtu arudishwe na matusi kuliko kurudishwa na sukari.

"Mama yangu mpaka leo hapiti mtaa wenu," Jawad alisema. "Anazunguka kwa sokoni. Ana miguu inayouma, na anazunguka."

"Nisamehe."

"Sikuja kukudai msamaha. Wewe ndiye uliyekuja." Akaokota msasa, akautazama, akauweka tena chini. "Halafu niambie kitu kimoja, maana mimi sikusoma. Dhwaa si twaa yenye nukta juu?"

"Ni hiyo."

"Na twaa yangu unayo?"

"Ninayo."

"Na tha ni te iliyoongezwa nukta. Dhali ni dali yenye nukta. Nukta zangu unazo ngapi humo? Kompyuta ya pesa zote hizo haijui kubandika nukta?"

Ibtihal akafungua mdomo kusema alichokiandaa: kwamba nukta za Jawad hazikai juu ya herufi kama kofia, kwamba juu ya nuni anazigonga na juu ya fa anaziburuta, na kwamba huwezi kujua angefanyaje juu ya dhwaa mpaka umwone. Yote yalikuwa kweli. Yote yalikuwa kisingizio.

"Ibtihal." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. "Umefunga, jua lile, umepanda tramu kutoka kwenu mpaka huku kwa ajili ya nukta? Umekuja kwa nini?"

Basi akasema, haraka, kama mtu anayeng'oa plasta.

"Nimesikia mama yako anapeleka sukari Sidi Mumin baada ya Idi. Kwa binti wa fundi cherehani."

"Umesikia sawa."

"Unampenda?"

"Ni msichana mzuri. Anacheka, anamheshimu mama."

"Sikuuliza anamheshimu nani."

"Nimechoka, Ibtihal." Alisema taratibu, wala hakuona aibu. "Kuchoka nako ni sababu. Nikitoka hapa jioni mikono inatetemeka. Nikifika nyumbani mama ananitazama tu, hasemi, lakini macho yake yananiuliza, utazeeka ukimngoja nani? Watu waliniambia subira yavuta heri. Mimi imenivuta nywele tu, tazama zilivyobaki."

Ni kweli paji la uso lilikuwa limepanda. Ibtihal akacheka ghafla, na kicheko kikamgeuka, akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Usilie, bwana. Utafungua."

"Machozi hayafunguzi. Baba yangu mwalimu, najua."

"Hee!" Ba Larbi akapiga kelele kutoka garini. "Kuna mtu analia huko? Jawad, umemwambia bei gani?"

"Lala, Ba Larbi!"

"Nalala vipi na nyinyi mnanong'ona? Gombaneni kwa sauti, au nyamazeni kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi moyo wangu mbovu."

Jawad akavuta ndoo mbili tupu za rangi, akazigeuza, akakalia moja. Nyingine ilibaki katikati yao. Ibtihal akaikalia. Magharibi ilikuwa ikikaribia. Harufu ya vitunguu, dania na dengu, harufu ya harira, supu ya kufuturia, ilikuwa ikishuka kutoka kila dirisha. Ni saa ambayo hata wasiopendana hurudi nyumbani kwao.

"Ungekuwa unanitaka," Jawad alisema, macho yakiwa kwenye vidole vyake, "ungesema neno moja. Hicho ndicho kilichonimaliza. Si imla. Imla nilishaizoea, tangu utotoni ananichapa. Baba yako aliingia jikoni akakuuliza. Akatoka akatuambia, nimemuuliza binti, amenyamaza. Basi nikaelewa."

"Ulielewa nini?"

"Kwamba hunitaki. Kwamba umeona haya kusema hapana, ukanyamaza."

Ibtihal alimgeukia polepole sana.

"Jawad. Binti akiulizwa kuhusu mposaji, akanyamaza, maana yake nini?"

"Maana yake..."

"Tangu enzi za mabibi zetu. Mwari hasemi ndiyo kwa baba yake kama anayenunua samaki. Anaona haya, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Msikitini wanasema hivyo, nyumbani wanasema hivyo, baba mwenyewe alitufundisha hivyo! Nilisimama pale jikoni na sinia mkononi, nikainamisha kichwa, nikanyamaza kwa nguvu zangu zote. Sijawahi kusema ndiyo kubwa kama ile."

Jawad akainua macho kutoka kwenye vidole vyake.

"Mimi ndiye niliyesubiri," aliendelea, sauti imeanza kupasuka. "Nikasema, kesho atarudi na washenga wengine. Atarudi wiki ijayo. Kumbe mstari mwekundu ulikuuma mpaka ukanisahau. Nilikukasirikia mwaka mzima. Halafu nikaanza kufuata kuta zako, maana zilikuwa ndizo pekee zilizobaki kusema nami."

"Na baba yako alijua maana ya kimya chako."

"Baba yangu anajua maana ya kila kitu."

Basi lilipita, mtoto akaitwa nyumbani kwa jina refu. Mtu angedhani kwamba watu wawili wakigundua jambo kama hilo wangerukiana kwa furaha. Wapi! Walikaa kwenye ndoo zao kama wasafiri walioambiwa kwamba safari yote ilikuwa ya upande usio wenyewe. Miaka minne! Ilikuwa inatia uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa umechoka.

Jawad akainuka. Akachukua kopo la rangi nyeusi, akalitikisa, ile gololi ya ndani ikagonga. Kwenye ukuta wa pembeni, ambako hujaribia rangi, alivuta mstari mrefu ulioegama, akauteremsha, akauzungusha tumbo pana, akalifunga kwa pigo moja. Ilikuwa twaa. Nzuri, yenye njaa, imesimama kama mtu aliyeweka mkono kiunoni.

"Sasa nukta," alisema Ibtihal nyuma yake.

Kopo lilibaki hewani.

"Nukta ndiyo mwisho wa maneno," Jawad alisema. "Nikiiweka, utapiga picha, utafunga kompyuta yako, utaondoka. Fonti itakamilika na mimi nitakuwa nimekupa kila nilichokuwa nacho. Baada ya Idi nitaoa. Ukitaka hivyo, niambie, naiweka sasa hivi. Lakini useme, Ibtihal. Kwa mdomo. Mimi ni mtu wa mtaani, kimya sikijui kusoma."

Hapo simu ikalia kwenye mkoba. Ibtihal hakuhitaji kuitazama. Kila Ramadhani, kabla ya magharibi, Mwalimu Buazza huwahesabu watu wa mezani kwake.

Ibtihal angeweza kuiacha ilie. Angeweza kusema niko kwenye tramu, baba, nakuja, kama alivyosema mara nyingi akiwa kwenye kuta za reli. Alimtazama Jawad, mkono bado hewani na kopo, uso mwembamba, nywele zilizopungua. Akaipokea.

"Uko wapi wewe? Mama yako ameshapakua."

"Niko Hay Mohammadi, baba. Gereji. Niko na Jawad."

"Jawad yupi?"

"Yule uliyemrudishia sukari."

Miguu ya Ba Larbi ikaingia ndani ya gari, na kichwa kikatoka mahali pake.

"Ibtihal," ilisema sauti ya Mwalimu, ile ya darasani, "rudi nyumbani tuzungumze."

"Tutazungumza. Lakini ulipokuja jikoni kuniuliza, nilinyamaza. Ulijua nimesema nini, baba. Ukatoka ukawaambia watu nimenyamaza, ukawaacha waelewe wanavyotaka. Sikukuvunjia heshima siku ile, na leo sikuvunjii. Ila leo sinyamazi." Akavuta pumzi. "Namtaka. Ukikataa, kataa wewe, kwa jina lako. Usiseme tena kwamba ni mimi."

Akangoja. Ilisikika kijiko kikiwekwa kwenye sahani, mbali, katika nyumba aliyozaliwa. Kisha laini ikakatika.

"Amesemaje?" Jawad aliuliza.

"Amekata."

"Pole."

"Usinipe pole. Nimechoka, nina njaa, na nimemwambia baba yangu maneno ambayo sijui kama nitalala nayo." Akaketi tena kwenye ndoo. "Umesikia nilichosema, au nirudie?"

Jawad aliliweka kopo chini. Alitafuta simu mfuko huu, mfuko ule, mkono mweusi kwa rangi, akaipata, akabonyeza jina la juu kabisa. Adhana ya kwanza ilikuwa imeanza mtaa wa pili. Ba Larbi alikuwa ameshika tende, haili.

"Halo, mama? ... Hapana, sijafuturu. Mama, sikiliza. Watu wa Sidi Mumin, usiwaendee ... Nasema usiwaendee. Nitakwenda mimi kuwaomba radhi."

Sauti ya Mi Rkiya ilijaa gereji nzima bila msaada wa kipaza sauti. Alitaka kujua ni mchawi gani, ni shetani gani, na mashetani si yamefungwa Ramadhani? Kisha, ghafla, sauti ikashuka, na swali lililofuata Ibtihal hakulisikia. Aliliona tu likifika usoni kwa Jawad.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni yeye. Yuko hapa. Weka bakuli la tatu."